Siku Niliyomchapa Mtakatifu Nikolasi

Mimi ndiye yule mwanamke aliyemchapa Mtakatifu Nikolasi mbele ya watoto.

Kama uliishi Durban miaka ile, upande wa Umbilo, lazima uliisikia habari hii. Wengine walisema nililewa. Wengine wakasema nina mapepo. Kuna mama mmoja kanisani, mpaka leo nikikaa benchi lake anahama.

Sawa. Leo naeleza mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Naitwa Valérie, mtu wa Uvira. Nasuka nywele kwenye saluni moja Umbilo Road, juu ya duka la simu. Wengi wananiita Mama Anaïs, kwa jina la binti yangu.

Kwa wasiojua: sisi Wakongo na Warundi tuliolelewa na mapadri, Noeli haianzi tarehe ishirini na tano. Inaanza na Nikolasi, mwanzoni mwa Desemba.

Nikolasi ni mzee mwenye ndevu za pamba, joho jekundu na kofia ndefu ya askofu. Anaita watoto mmoja mmoja. Anauliza: mwaka huu ulikuwa mtoto mzuri? Ukijibu vizuri unapewa chungwa, biskuti na peremende.

Nyuma yake anasimama mtumishi wake, Père Fouettard. Sisi tunamwita Fweta.

Fweta anavaa gunia, anajipaka majivu, anashika fimbo. Haongei. Anakoroma tu. Mtoto mtukutu anaguswa fimbo ya miguu, anapiga mayowe, wakubwa wanacheka mpaka machozi.

Na parokia yetu ilikuwa na kitu cha ziada, tulichokuja nacho kutoka nyumbani. Mwisho kabisa, watoto wote wanamgeukia Nikolasi na kupiga kelele: "Na weye je? Na weye je?"

Mzee anapiga magoti. Anasema hata yeye ni mkosefu. Fweta anamgusa fimbo moja ya mgongo. Vigelegele, halafu watu wanaenda kula.

Fimbo moja. Ya kugusa tu.

Mimi sikugusa.

*

Mume wangu aliitwa Gaël. Alikuwa anapakua makontena kwenye bohari moja kule Clairwood.

Gaël alikuwa mtu wa Fanta. Sikutanii. Baba yake alimalizwa na pombe, na yeye akaapa akiwa bado kijana kwamba haitapita mdomoni mwake. Siku ya harusi yetu wajomba walimzunguka na bia, akanyanyua Fanta yake juu kama kombe. Picha ninayo.

Mwaka 2010, Kombe la Dunia limeisha, bendera bado zinapepea kwenye magari, nikaitwa hospitali.

Nilimkuta amefunikwa shuka.

Walinipa nguo zake kwenye mfuko wa plastiki. Nikaufungua palepale koridoni, sijui nilikuwa natafuta nini.

Shati lilinuka brandi.

Si kidogo. Lilinuka kama limefuliwa nayo.

Sikulia. Nilisimama na lile shati najiuliza nimeishi na nani miaka yote hiyo. Hiyo ndiyo sehemu iliyoniuma kuliko kifo. Walinifanya nimtilie shaka maiti wa mume wangu.

Chef wake kazini, yaani msimamizi wake, alikuwa Pascal, Mkongo mwenzetu, mtu wa Bukavu. Yeye ndiye aliyewaeleza polisi: Gaël alikuja kazini amelewa, akajipeleka nyuma ya lori, mzigo ukambana. Kampuni ikamwamini chef wake. Kesi ikafungwa kabla hata tanga halijavunjwa.

Kuanzia hapo nilikuwa mjane wa "ule mulevi wa Clairwood".

Marafiki wakapungua. Hata wateja wengine walikaa kwenye kiti changu, wakaangaliana kwenye kioo, wakanyamaza.

Mtu mmoja tu hakupungua: Vénérand.

Vénérand alikuwa Mrundi, shemeji yake Pascal. Dada yake, Antoinette, ndiye mke wa Pascal. Vénérand mwenyewe alikuwa anafanya kazi bohari ileile na Gaël, lakini baada ya mazishi aliacha, akaanza kuuza viatu vya mitumba mjini. Alisema moyo umekataa kurudi kule.

Kila Jumamosi alipita na mkate. Bomba likiharibika, yeye. Anaïs akihitaji kupelekwa kliniki na mimi nina mteja kichwani, yeye. Alimfundisha mtoto wangu kuendesha baiskeli, anakimbia nyuma yake ameshika kiti, jasho linamtoka, anacheka.

Sikumuomba. Alikuwa anakuja tu.

*

Desemba 2011 nilimpeleka Anaïs kwa Nikolasi. Alikuwa na miaka saba.

Nikolasi wa parokia yetu alikuwa Pascal, kila mwaka. Alikuwa mrefu, ana sauti, na machungwa ya watoto alikuwa anayaleta yeye na gari lake. Nani atamwambia aachie mwingine?

Mimi nilikaa nyuma. Nikajiambia, ni sikukuu ya watoto, meza mate.

"Anaïs, binti ya Gaël!" akaita.

Anaïs akaenda, amevaa gauni la njano.

"Ulikuwa mtoto muzuri?"

"Ndiyo."

"Unatii mama?"

"Ndiyo."

Akamnyooshea chungwa. Mtoto alipotaka kulishika, akalirudisha.

"Kwanza uniahidi kitu moja. Hautakunywa kama papa yako, eh?"

Ukumbi ukacheka.

Si wote, nasema ukweli. Lakini waliocheka walitosha.

Anaïs alisema "ndiyo" kwa sauti ndogo, akachukua chungwa lake. Hakulimenya. Njiani tumesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, tunangoja magari yapite, akaniangalia.

"Mama, papa alikuwa ananuka?"

Sijui kama umewahi kusikia kitu kikivunjika ndani yako na ukakisikia kwa masikio kabisa.

Nikamjibu, "Hapana. Na ule mutu atakuambia mwenyewe kwamba hapana."

Nilimuahidi hivyo bila kujua nitafanyaje. Lakini tangu siku ile nilikuwa na kazi mbili: kusuka, na kumsubiri Pascal.

*

Mwaka ule ulipita nikiwa namchukia Pascal kwa bidii. Nikimuona Misa anapeleka vipaji altareni, nahesabu hatua zake. Akicheka, nachukua ule mcheko naenda nao nyumbani.

Mwezi wa kumi Vénérand alikuja siku ambayo si Jumamosi. Amevaa shati la kupiga pasi. Akakaa, akasimama, akakaa tena.

"Valérie, mimi nataka tuishi pamoja. Nikulee weye na mutoto."

Nikamwambia, nipe muda. Nitakujibu Noeli.

Lakini moyoni nilishajibu. Ilikuwa ndiyo. Nilitaka tu kwanza nimalizane na Pascal, nisiingie nyumba mpya na sumu mdomoni.

Fweta wa miaka yote alikuwa Doudou, jitu la Uvira, mlinzi wa magari kwenye maegesho ya maduka kule Westville. Yeye na Gaël walikuja Durban kwenye basi moja. Nikapanda taxi mpaka kazini kwake.

Alikuwa anaelekeza gari la mama mmoja linarudi nyuma. Lilipoondoka nikamwambia, "Mwaka huu nipe gunia lako."

"Gunia gani?"

"La Fweta."

Akanitazama. Akavua kofia yake, akajifuta uso, akaivaa tena.

"Mama Anaïs, Fweta ni mwanaume."

"Fweta ni gunia na majivu. Nani anajua iko nani ndani?"

"Na unataka kufanya nini?"

"Kazi ya Fweta."

Doudou si mjinga. Aliangalia maegesho, kushoto na kulia. Halafu akasema, "Eish, dada. Mimi sikucheka ile siku."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Siku ya pili alinipitishia gunia, na buti zake kubwa, na ndani ya gunia ameweka tawi la mpera lililokatwa vizuri. Sikumuomba hilo tawi.

Nikaliloweka kwenye ndoo ya maji, lisivunjike haraka.

*

Jumapili yenyewe Durban ilikuwa inachemka. Desemba yetu huku ni joto na unyevu, ukuta unatoka jasho. Nilijivalisha kwenye stoo ya nyuma ya ukumbi: mito miwili tumboni, buti za Doudou nimezijaza matambara, kofia ya gunia yenye matundu ya macho mpaka puani, majivu kidevuni na mikononi.

Nikolasi huvalia mavazi yake sakristia, chumba cha padri, anaingia kwa mlango wa mbele. Kwa hiyo tulikutana palepale jukwaani.

Akanipa ishara ya kichwa. Nikakoroma.

Watoto walianza kuitwa. Nikolasi alikuwa anaongea kwa sauti ya kukwaruza, nikadhani mafua, au mbwembwe zake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake naangalia kofia ndefu, joho pana na mgongo tu. Ule mgongo niliusoma kama ramani.

Anaïs alipoitwa, nilishika fimbo kwa mikono miwili.

Nikolasi hakumuuliza chochote kuhusu baba yake. Alimpa machungwa mawili. Akashika mkono wake, akakaa nao muda, kisha akamuachia.

Nikasema kimoyomoyo: mnafiki. Mwaka huu anajifanya malaika kwa sababu padri anaangalia.

Ikazidi kunipandisha hasira.

Hatimaye wakaanza: "Na weye je? Na weye je?" Wanapiga miguu, ukumbi unatetemeka.

Nikolasi akapiga magoti. Akainamisha ile kofia ndefu.

"Hata mimi ni mukosefu," akasema.

Nikapiga.

Sauti ya fimbo ilikuwa kama kupasua ubao. Watoto wakashangilia.

Nikapiga ya pili. Wengine wakacheka.

Ya tatu, hakuna aliyecheka.

Nikainama mpaka sikioni mwake, nikaikaza sauti iwe nzito. "Sema Gaël alikunywa nini."

Mgongo ukaganda.

"Sema! Alikunywa nini siku ile?"

Akanong'ona, bila kugeuka: "Doudou... nani alikuambia?"

Nilitegemea atanitukana, au atacheka. Sikutegemea hilo swali. Nikapiga ya nne kwa nguvu zote nilizozaliwa nazo.

"Foklifti ilirudi nyuma!" akalia kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia. "Sikumuona! Naapa kwa Mungu, sikumuona!"

Nikasimama na fimbo juu.

Pascal hakuwahi kuendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Pascal alikuwa chef, wa kushika simu na kufoka.

Na ile haikuwa sauti ya Pascal.

Nikashika zile ndevu za pamba nikazivuta chini.

Alikuwa Vénérand.

*

Nilivua kofia ya gunia. Sikujali tena.

Aliponiona, alirudi nyuma kwa magoti. Majivu na jasho vilikuwa vinanitiririka usoni, nadhani nilionekana kama kitu kilichofufuka.

"Valérie..."

"Pascal iko wapi?"

Akaangalia nyuma ya ukumbi. Nikafuata macho yake.

Pascal alikuwa amesimama kando ya meza za chakula, bado na koti la kazi. Baadaye nilijua: lori lilimchelewesha Clairwood, akampigia simu shemeji yake avae joho badala yake. Alikuwa amefika punde tu.

Nikamgeukia Vénérand. "Na brandi?"

"Valérie, tutoke nje, nitakuambia..."

"Hapa. Waliomcheka mtoto wangu wako hapa. Sema hapa."

Pascal akapaza sauti. "Ule mwanamuke ni mugonjwa! Padri, simamisha hii mambo, kuna batoto!"

Padri Anselmo alikuwa amesimama kwenye safu ya kwanza. Mzee wa watu, kwa kawaida hata akihubiri husikii. Akasema, "Mama zangu, pelekeni watoto uani. Na wewe Pascal, nyamaza."

Watoto walitolewa. Anaïs hakutoka. Alikaa kwenye kiti chake na machungwa mawili mapajani, na hakuna mama aliyethubutu kumgusa.

Vénérand akasema yote akiwa bado amepiga magoti.

Siku ile dereva wa foklifti hakuja. Lori linasubiri, wakubwa wanapiga simu. Pascal akampandisha yeye, hana leseni, hajawahi kufundishwa. Gaël alikuwa nyuma anafungua kamba za mzigo. Foklifti ikarudi nyuma.

"Pascal akaniambia, shemeji, weye utaenda jela, mimi nitafukuzwa, dada yako na batoto watakula nini. Akaenda kwa gari yake, akaleta chupa."

"Nani alimmwagia?"

Akashika pindo la joho.

"Vénérand. Nani alimmwagia?"

"Ni mimi."

Halafu nikauliza kitu ambacho ningeweza kuishi bila kukiuliza.

"Alikuwa bado anapumua?"

Aliweka paji la uso sakafuni.

Mama mmoja akaanza kulia. Katikati ya kile kilio nikasikia sauti ya Antoinette, dada yake, mke wa Pascal. Alikuwa amesimama na bakuli la pilau mkononi.

"Pascal," akasema, polepole, "ile chupa ya brandi madamu yangu wa kazini alinipa. Uliniambia ilivunjika kwenye gari."

Pascal alielekea mlangoni.

Doudou alikuwa ameujaza ule mlango, upande hadi upande.

"Chef," akamwambia, "mbona unawahi? Sikukuu haijaisha."

Nikashuka jukwaani. Watu walinipisha. Buti zile kubwa zilikuwa zinagonga sakafu, na fimbo ilikuwa bado mkononi, na kila mtu alidhani anajua kitakachofuata. Pascal naye alidhani. Aliinua mikono akajikinga kichwa.

Sikumchapa. Fimbo ingekwisha kuuma baada ya wiki.

"Piga magoti," nikamwambia. "Si kwangu. Kwa yule."

Nikaelekeza fimbo kwa Anaïs.

"Mama Anaïs, nakuomba, tuongee kama bakubwa..."

"Mwaka jana ulikuwa na mdomo. Utumie."

Akatafuta uso mmoja wa kumsaidia mle ndani. Hakuupata. Hata waliocheka mwaka jana, hasa hao, walikuwa wanamkazia macho.

Akaenda. Akapiga magoti mbele ya mtoto wa miaka minane.

"Papa yako," akasema, akakohoa. "Papa yako hakukuwa mulevi."

"Hasikii," nikasema.

"Papa yako hakunywa hata siku moja! Mimi ndiye nilidanganya. Nilidanganya polisi, nilidanganya watu wote."

Anaïs alimtazama muda mrefu. Watoto wana subira ya ajabu.

"Kwa hiyo hakuwa ananuka," akasema.

"Hapana."

"Sawa," akasema Anaïs. Na akaanza kumenya chungwa.

*

Wiki ileile Vénérand alikwenda polisi na Padri Anselmo. Kesi ilifunguliwa upya, ikachukua muda wake. Pascal alikana mpaka siku ya mwisho, lakini mkewe alisimama mahakamani na kueleza habari ya chupa. Wote wawili walifungwa. Antoinette alihama na watoto wake. Sina kitu naye, alifanya nisichojua kama ningeweza kufanya mimi.

Padri aliweka Misa ya Gaël. Ukumbi ulijaa hadi nje. Waliimba kwa nguvu safari hii, na mimi niliwaangalia wakiimba, uso mmoja baada ya mwingine, mpaka baadhi wakainama.

Kabla hajahukumiwa, Vénérand alikuwa nje kwa dhamana. Alipanda ngazi za saluni mchana kweupe, nina mteja kwenye kiti, kichwa nusu.

"Kila Jumamosi nilikuja nikitaka kukuambia," akasema.

Niliendelea kusuka.

"Nilifikiri nikikulea weye na mutoto, Mungu ataona."

"Ulimmwagia pombe anapumua," nikasema, "halafu ukataka kulala upande wake wa kitanda."

Mteja wangu alishika mikono ya kiti.

"Nisamehe, Valérie."

"Toka. Unanizibia mwanga."

Alitoka. Nilimaliza kile kichwa, na mistari ilinyooka kama rula. Jioni nilichukua baiskeli aliyomnunulia Anaïs, redio aliyotengeneza, mapazia aliyotundika, nikaviweka vyote nje kwenye kona. Kufika asubuhi vilikuwa vimeshachukuliwa na wapita njia.

Watu wananiuliza kama nimesamehe. Pascal simfikirii. Alinitukana mbele za watu, nikamvua nguo mbele za watu, tumemalizana.

Vénérand, hapana. Bado. Na msinitumie mistari ya Biblia kwenye komenti, nayo ninayo.

Kinachonisumbua ni hiki. Mwaka mzima nilimchunguza Pascal: anavyotembea, anavyocheka, anavyomeza. Mtu aliyekuwa anakaa mezani kwangu sikumchunguza hata kidogo, kwa sababu alikuwa mwema kwangu. Nilimpikia chai. Nilimkabidhi mtoto. Zilibaki wiki chache nimpe na mimi mwenyewe. Kama lile lori lisingemchelewesha Pascal, leo ningekuwa mke wa muuaji wa mume wangu, na ningekuwa namshukuru.

Kwa hiyo mjane mwenzangu, dada, kaka, yeyote unayesoma. Mtu akikuonea huruma ulipofiwa, mshukuru. Lakini akiendelea kukuhurumia mwaka wa kwanza, wa pili, hachoki, hadai, halalamiki, usikimbilie kumwita malaika. Mkalishe chini, mtazame machoni, umuulize: wewe unalipia nini?